Hatujamwona, au Hayupo? Vinasaba Vinavyotaja Viumbe wa Bahari Yetu



Ni nani kati yetu, watu wa pwani, asiyeyajua maji ya kuoshea samaki? Tafi akishaparwa magamba, akatumbuliwa na kusuuzwa mara tatu, maji yanayobaki katika karai huwa na ute, damu, magamba madogo na shombo isiyofichika. Samaki mwenyewe amekwisha kuingia chunguni, na huenda hata ameshaliwa, lakini aingiaye uani hahitaji kuambiwa kwamba nyumba hii leo imepika samaki. Maji yamekwisha kutoa ushahidi.

Makala yetu ya wiki hii inahusu elimu iliyojengwa juu ya jambo hilo hilo. Wanasayansi wamebaini kwamba bahari nayo ni mfano wa karai kubwa: kila kiumbe anayeishi ndani yake huacha majini kitu cha mwili wake, na kitu hicho, japo hakionekani kwa macho, chaweza kusomwa hata akajulikana mwenyewe ni nani. Kwa chupa chache za maji, mtu anaweza kujua aina nyingi za samaki waliopita mahali pale, bila ya kutupa wavu wala kuzamia, na bila ya kumdhuru hata mmoja wao.

Tumeona elimu hii inatuhusu sana sisi wenye kulea familia kando ya bahari. Kwa miaka mingi majumbani mwetu tumekuwa tukisema kwamba samaki wamepungua. Mama anayekwenda sokoni na kikapu chake hurudi na changu wadogo kwa bei iliyokuwa ikinunua chewa. Mama karanga anayengojea vyombo virudi tangu alfajiri anajua siku ambazo moto wake hauwashwi kwa sababu hakuna cha kukaanga. Lakini tukiulizwa ni samaki gani hasa waliopotea, wapi na tangu lini, majibu yetu hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu za wazee, pamoja na heshima zake zote, hazikubaliwi kila mahali kuwa ni ushahidi. Kusema "hatujamwona" ni jambo moja, na kusema "hayupo" ni jambo jingine kabisa. Elimu hii ya vinasaba imekuja kusimama katikati ya kauli hizo mbili.

Kiumbe huacha nini majini?

Vinasaba, ambavyo wengi huviita DNA, ni maandishi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili wa kiumbe hai. Maandishi hayo yana herufi nne tu, ambazo wanasayansi wamezipa alama za A, T, G na C, lakini mpangilio wake hutofautiana kati ya aina moja ya kiumbe na nyingine. Mpangilio wa pono si wa kolekole, na wa kasa si wa pomboo.

Samaki anapoogelea, ute wa ngozi yake hutoka. Magamba humpukutika, kinyesi humtoka, na msimu wa kuzaa ukifika mayai hutapakaa. Chembe hizi zote hubeba vinasaba vyake. Wataalamu huviita vinasaba vya mazingira, yaani vinasaba visivyochukuliwa mwilini mwa kiumbe bali katika maji, mchanga au hewa iliyomzunguka.

Lakini maandishi haya hayadumu. Jua, chumvi na vijidudu huyavunjavunja, na katika maji ya bahari mara nyingi hayasomeki tena baada ya saa kadhaa au siku chache. Jambo hili, ingawa laonekana kuwa ni udhaifu, lina faida yake: maji yanapomtaja samaki, kwa kawaida hutaja aliyekuwapo juzi au jana, wala si yule aliyevuliwa enzi za babu zetu.

Kutoka ufuoni hadi maabara

Kazi yenyewe huanza kwa namna nyepesi ambayo hata mtoto anaweza kuifanya. Maji huchotwa kwa chombo safi, yakapitishwa katika chujio lenye matundu madogo mno, mfano wa mtu anayechuja tui la nazi kwa kitambaa kizito. Maji hupita, chembe zikabaki. Chujio hilo hutiwa dawa ya kuzuia kuoza, kisha likapelekwa maabara. Mchotaji huvaa glavu, kwa sababu mkono ulioshika samaki asubuhi ukigusa chujio hilo, utaandika humo jina la samaki ambaye huenda hakuwapo.

Huko maabara vinasaba hutolewa katika chujio, lakini huwa ni vichache mno hata havisomeki. Kwa hivyo huzidishwa kwanza. Mashine hupasha joto hadi karibu nyuzijoto 95 za Selisiasi, na pande mbili za kila kipande cha kinasaba zikaachana. Kisha hupoa, na kila upande ukajengewa mwenzake mpya. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Kwa hesabu hiyo, baada ya mizunguko 30 kipande kimoja huwa kimezaa nakala zaidi ya bilioni moja. Hapo ndipo mashine nyingine huzisoma herufi zake, na kompyuta ikazilinganisha na maktaba ya vinasaba vya viumbe vinavyojulikana.

Kuna jambo hapa ambalo akina mama watalipenda. Sehemu inayosomwa zaidi kwa samaki ni kipande kifupi, chenye herufi kama 170 tu, kilichomo katika sehemu ya chembe iitwayo mitokondria. Kwa kawaida mtoto huirithi mitokondria kwa mama yake, si kwa baba. Kwa hivyo maji ya bahari yanapomtaja samaki, humtaja kwa nasaba ya kukeni.

Yaliyokwisha kuthibitishwa

Msomaji ana haki ya kuuliza kama haya ni kweli au ni makisio ya wasomi. Tutataja mifano minne.

Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: kwa kutumia nusu lita tu kwa kila sampuli ya maji ya bahari, walipata vinasaba vya aina 15 za samaki. Walilinganisha matokeo hayo na njia tisa za kawaida za kuhesabu samaki, zikiwamo nyavu na kuzamia, na maji hayakushindwa na njia yoyote kati ya hizo.

Wenzao wa Japani walichagua mahali ambapo majibu sahihi yalikuwa yanajulikana tangu mwanzo, nayo ni matangi makubwa ya maonyesho ya samaki ya Okinawa. Humo mlikuwa na aina 180 za samaki ambao vinasaba vyao vilikuwa tayari katika maktaba ya watafiti hao. Maji yalipochunguzwa, yaliwataja 168 kati yao, yaani zaidi ya tisa katika kila kumi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2015.

Mfano wa tatu unatoka katika ghuba ya Waarabu, kwenye bahari ya Qatar, ambako papa shilingi hukusanyika kwa wingi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana pia katika maji yetu, na wavuvi wetu walimpa jina hilo kwa madoa yake ya mviringo yaliyo kama sarafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba maji peke yake yalitosha kuwaambia wataalamu tofauti za kinasaba zilizomo katika kundi lile, hata wakaweza kukadiria ukubwa wa jamii ya majike wake. Zaidi ya hayo, mahali palipozidi vinasaba vya papa shilingi palizidi pia vinasaba vya aina ya jodari mdogo, ambaye mayai yake ni chakula cha papa huyo. Kwa maneno mengine, maji yalimtaja mlaji pamoja na chakula chake.

Mfano wa mwisho ndio unaotugusa zaidi. Katika visiwa vya New Caledonia, kwenye bahari ya Pasifiki, papa walikuwa wamehesabiwa kwa miaka kadhaa na wapiga mbizi waliozamia mara zaidi ya 2,000, na kwa kamera zilizowekwa chambo mamia ya mara. Kwa juhudi zote hizo walionekana papa wa aina tisa. Ndipo sampuli 22 tu za maji zikachukuliwa, nazo zikataja aina 13. Waliozidi hawakuwa wageni waliofika siku ile. Walikuwa wakiishi humo muda wote, wengine hata karibu na makazi ya watu ambako ilidhaniwa wamekwisha, ila walikuwa wachache na wenye hadhari, wasiojionyesha kwa mwanadamu. Hawakuonekana, lakini walikuwapo.

Nguva wa Lamu

Turudi nyumbani. Wazee wetu wa Lamu, Faza na Kiunga wamemjua nguva kwa vizazi vingi. Ni mnyama mpole afikaye urefu wa mita tatu, anyonyeshaye mtoto wake na kuja juu kuvuta pumzi, na chakula chake ni nyasi za baharini zinazoota katika maji ya kina kifupi. Hubeba mimba ya mwaka mmoja na zaidi, akazaa mtoto mmoja, na huweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Kiumbe azaaye kwa uchache namna hii hawezi kustahimili kunaswa na majarife, wala kuharibiwa kwa malisho yake.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilimtangaza nguva wa Afrika Mashariki kuwa yumo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na likakadiria kwamba waliobaki waliofikia umri wa kuzaa hawazidi 250 katika pwani yote ya ukanda huu. Katika maji ya Kenya kuonekana kwake kumekuwa ni kwa nadra mno, na vijana wetu wengi wanamjua kwa hadithi tu.

Je, tuseme hayupo, au hatujamwona? Swali hili si la kujifurahisha kwa elimu. Mahali panaposemekana kuwa na nguva, mradi wowote mkubwa unaotaka kuchimba au kufukia bahari hulazimika kutoa hesabu yake. Mahali panaposemekana kuwa hana tena, mlinzi mmoja wa nyasi zile ameondoka. Na nyasi hizo ndizo wanazokulia tafi wa kitoweo chetu. Chupa ya maji iliyochotwa mara kwa mara, kaskazi na kusi, maji ya bamvua na maji mafu, yaweza kumtaja nguva aliyepita usiku bila ya kuonwa na mtu.

Yale ambayo maji hayasemi

Hata hivyo tusiipe elimu hii sifa isiyostahili. Maji hayawezi kueleza kama samaki aliyetajwa ni mkubwa au mdogo, wala kama yu hai au alikuwa mzoga. Idadi yao pia ni vigumu kuijua kwa uhakika. Mikondo ya bahari huweza kuvichukua vinasaba kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Na maji machafu ya mijini yanayotiririka baharini hubeba mabaki ya jikoni, hata maji yakamtaja samaki aliyeletwa na barafu kutoka nchi ya mbali, ambaye hajawahi kuogelea katika bahari yetu. Lile karai la kuoshea samaki tulilolianza makala haya, likimwagwa ufuoni, laweza kumpoteza mtafiti asiyekuwa makini.

Lililo muhimu kuliko yote ni hili: kumpata kiumbe katika maji ni dalili yenye nguvu kwamba alipita hapo, lakini kutompata si dalili kwamba hayupo. Huenda alipita mbali na pale palipochotwa maji, au maji yale yalikuwa machache. Kwa hivyo ikiwa siku moja tutaletewa ripoti isemayo kwamba maji yamepimwa na hakuna kiumbe wa kuhofiwa, ni haki yetu kuuliza: yalichotwa mara ngapi, wapi, na katika msimu gani?

Maktaba isiyo na majina yetu

Kuna upungufu mwingine, na huu dawa yake imo mikononi mwetu. Tulisema kwamba herufi zilizosomwa hulinganishwa na maktaba. Kiumbe ambaye hajaandikishwa humo, maji yatamwonyesha lakini hayatajua kumwita. Samaki wa Ulaya na Japani wameandikishwa kwa wingi. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, viumbe wengi bado hawajaandikishwa. Wakipatikana leo katika chupa ya maji ya Vanga au Kipini, kompyuta itaandika tu kwamba ni kiumbe asiyejulikana.

Ili samaki aandikishwe, ni lazima kwanza apatikane mwenyewe, atambuliwe na mjuzi, apigwe picha, kipande kidogo cha nyama au pezi lake kihifadhiwe katika spiriti, na mahali na siku aliyovuliwa viandikwe. Ni nani awezaye kumtambua samaki adimu anaposhushwa chomboni? Ni mvuvi aliyemvua, na mama aliyepara samaki kwa miaka 40. Mwaka 2001 chombo cha uvuvi kilimvua nje ya Malindi silakanti, samaki wa kale ambaye mpaka mwaka 1938 wataalamu wa dunia walidhani amekwisha kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Lau wale waliomwona wangemtupa kwa kutomjua, tusingejua kwamba yumo katika maji ya Kenya.

Elimu ya kukeni, ile inayopita jikoni na mwambani kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, ni sehemu ya maktaba hiyo. Yasikitisha kwamba watoto wetu wengi leo huita kila kitoweo "samaki" tu, hawatofautishi tafi na pono, wala mkizi na kolekole. Jina likipotea, hata kiumbe akipungua hakuna atakayejua kuuliza habari zake.

Amana na ushahidi

Bahari ni amana tuliyokabidhiwa na Mwenyezi Mungu, na mwenye kushika amana hutakiwa ajue kilichomo ndani yake. Wavuvi wa Lamu wanajua uzito wa jambo hili. Walikwenda mahakamani kwa ajili ya athari za ujenzi wa bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikawapa haki, ikaagiza fidia ya takribani shilingi bilioni 1.76. Tunajifunza kwamba mwenye kudai haki ya bahari huhitaji kuonyesha ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Hesabu ya viumbe iliyoandikwa leo, mwamba kwa mwamba, ndiyo itakayosemea watoto wetu kesho wakisimama mbele ya hakimu.

Kazi hii haihitaji wataalamu peke yao. Kati ya mwaka 2022 na 2023, shirika la UNESCO liliwaalika wananchi wa kawaida kuchota maji katika maeneo 21 ya bahari yaliyo urithi wa dunia, likiwamo Aldabra la majirani zetu wa Ushelisheli. Mchotaji mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miaka sita. Kutokana na sampuli zipatazo 500, zilitambuliwa aina zaidi ya 4,000 za viumbe wa baharini.

Sisi tuna Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao yake Mombasa. Tuna hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu mwaka 1968. Tuna tengefu zinazosimamiwa na jamii zenyewe, kama ile ya Kuruwitu. Maji yakichotwa ndani ya tengefu na nje yake, mwaka baada ya mwaka, wanakijiji watajua kama subira yao ya kutovua pale imezaa matunda. Tunachoomba ni kwamba chupa hizo zikichotwa, matokeo yake yarudi kijijini na yasomwe kwa lugha tunayoielewa. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Kenya imo ndani yake, umeweka msingi kwamba wenye mali ya maumbile washirikishwe katika faida zake.

Nasi wazazi tunaweza kuanza wiki hii. Samaki akiletwa nyumbani, tumwite mtoto, tumwonyeshe pezi, gamba na rangi, tumfundishe jina lake na mahali anapoishi. Akipatikana kiumbe tusiyemjua, tusimtupe: tumpige picha, tuandike siku na mahali, tuwajulishe wasimamizi wa ufuo wetu au afisa wa uvuvi. Na binti anayependa masomo ya sayansi tumtie moyo, kwani maabara zitakazosoma maji ya Lamu, Kilifi na Kwale zinahitaji watu wanaojua majina ya samaki kabla ya kujua herufi zao.

Jioni ya leo, inshallah, karai litamwagwa tena katika nyua zetu. Kabla ya kulimwaga, tumuulize mtoto aliyesimama kando: maji haya ni ya samaki gani?

Wabillahi tawfiq.